Kuridhika na Nini? Kusoma, Kutazama na Swali la Kinaa

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekuwa na mashaka ya muda mrefu juu ya mtu aliyeridhika. Mhakiki humheshimu msomaji aliyetikiswa, aliyekasirishwa, aliyezinduliwa na kazi ya fasihi. Yule aliyefunga kitabu huku moyo wake umetulia humshuku, kana kwamba utulivu huo ni ushahidi kuwa hakusoma vyema. Mintarafu ya mtazamaji wa vipindi vya televisheni na filamu, hukumu huwa kali zaidi, kwani huyo huhesabiwa kuwa amekwisha kuleweshwa hata kabla ya kuulizwa alichokitazama. Makala haya yanakusudia kuichunguza hukumu hiyo, na yanaanza na swali la kimaadili kabla ya kufikia la kisanaa: je, mtu asomaye kurasa chache, akatazama kipindi, kisha akalala akiwa ameridhika, ana kosa gani?

Swali la aina hii hupotea njia likiachwa lielee bila mahali pa kusimama. Inafaa basi lisimamishwe Kinanie, katika eneo la Mavoko, Kaunti ya Machakos, kwenye nyanda za Athi upande wa kusini-mashariki wa Nairobi. Kinanie si kijiji kamili wala si mji kamili. Ardhi iliyokuwa malisho ya mifugo imekatwakatwa kuwa viwanja. Viwanda vya saruji vya Athi River haviko mbali. Mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, iliyoundwa mwaka 1990, imeleta wafanyakazi kutoka pembe nyingi za nchi. Na hapo hapo Kinanie ndipo palipotengwa kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Wenyeji ni Wakamba, lakini jirani wa ploti aweza kuwa mtu wa Busia au wa Taita. Kwa hiyo Kiswahili mahali hapo si lugha ya darasani tu. Ndiyo lugha ya kuazimana kiberiti.

Na achukuliwe mwanamke mmoja wa mahali hapo, mshonaji katika kiwanda cha nguo. Hurudi magharibi, viatu vikiwa na vumbi wakati wa kiangazi na vikiwa na tope jeusi wakati wa masika. Huinjika chai. Husoma kurasa mbili tatu za riwaya aliyoazima, au Taifa Leo ya juzi iliyofungiwa sukari, kisha huwasha televisheni na kutazama mchezo mmoja mpaka mwisho, akicheka na kusonya. Kisha huzima na kulala. Mtu huyu ni wa kubuni, lakini saa zake si za kubuni. Akiulizwa kama ameridhika, atasema ndiyo. Mhakiki aliyefunzwa vyema atalisikia jibu hilo na kuhuzunika kwa niaba yake.

Kabla ya kuhuzunika, ni vyema lugha yenyewe isikilizwe. Kiswahili kina maneno yasiyopungua matatu ya kulieleza jambo hili, na hayalingani. La kwanza ni kutosheka. Shina lake ni tosha, na tosha ni neno la kipimo: nguo humtosha mtu, chumvi hutosha mchuzini, nauli hutosha safari. Anayetosheka amepimwa na kitu, na kitu kimemwenea. La pili ni kukinai, lenye asili ya Kiarabu, ambako linataja fadhila ya mtu asiyetamani zaidi ya alichojaliwa. Waswahili walilipokea neno hilo kwa tahadhari. Kinaa ni sifa njema, lakini chakula chenye mafuta mengi nacho hukinaisha; na mtu aliyekinai aweza kusifiwa kwa utulivu wake au kusutwa kwa kujiona hamhitaji mtu. Neno moja limebeba shibe na kichefuchefu, unyenyekevu na kiburi. Huenda hakuna mwanafalsafa aliyeionyesha hatari ya shibe kwa ufupi kuliko huo.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni kuridhika. Umbo lake la kisarufi hudanganya kidogo, kwa maana kiambishi cha kutendeka hulifanya lionekane kama hali inayomwangukia mtu, mfano wa kuchoka au kulowa. Lakini katika shina mna ridhaa, na ridhaa ni tendo. Huombwa kwa wazazi wa binti, kwa mgonjwa kabla ya kupasuliwa, kwa mwenye shamba kabla ya njia kupitishwa shambani mwake. Haiwezi kutolewa na asiyeweza kukataa. Aliyelazimishwa akatii, ametii tu, hakuridhia. Tena neno hili halisimami peke yake. Husemwa mtu ameridhika na mshahara, na jibu, na mchumba. Na pale linaposimama peke yake, msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nini? Hoja ya makala haya yote imo katika kiunganishi hicho kidogo. Makosa mengi ya wahakiki kuhusu raha ya wasomaji na watazamaji hutokana na kukiacha.

Kusoma, kwa historia yake, hakukuingia Ukambani kama starehe. Johann Ludwig Krapf aliifikia nchi hiyo mwaka 1849, na mwaka uliofuata Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani. Kitabu kilitangulia wasomaji wake: kilikuwapo kabla ya kuwapo watu wa kutosha kujaza benchi moja waliokuwa na uwezo wa kukisoma katika lugha hiyo. Baadaye, Uganda na Gikuyu, neno la msomaji likaja kuwa jina la Mkristo. Abasomi na athomi hawakuwa watu wapendao vitabu bali watu waliovuka kutoka upande mmoja wa maisha kwenda upande mwingine. Kisha vitabu vya dini vikafuatwa na vya serikali, na kusoma kukawa ngazi: ya ukarani, ya ualimu, ya kuondoka kijijini. Mpaka leo mzazi wa Kenya amwambiapo mwanawe asome, hamaanishi kwamba afurahie kitabu. Anamaanisha apande.

Ngazi haina mahali pa kukaa. Kwa hiyo si ajabu kwamba tamaduni ya usomaji iliyokulia juu yake imekuwa na aibu kidogo mbele ya kinaa. Asomaye na kuridhika anaonekana kama mtu aliyeketi katikati ya ngazi na kuwazibia wenzake njia.

Fasihi yenyewe imelitafakari jambo hili kwa undani kuliko wahakiki wake. Katika Utubora Mkulima, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake, mhusika mkuu anaacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kuwa mkulima. Imekuwa desturi kuisoma riwaya hiyo kama mahubiri ya kurudi shambani, na baadhi ya wasomaji wameiona kuwa ndoto ya mtu mwema asiyejua uchumi. Lakini jambo lenye uzito si jembe. Ni kule kuacha. Utubora hakukosa kazi akajifariji kwa jembe. Alikuwa na kazi mkononi akaiweka chini. Kuridhika kwake kuna ridhaa ndani yake kwa sababu njia nyingine ilikuwa wazi. Shaaban Robert, aliyeitumikia serikali ya kikoloni miaka mingi katika kazi za ukarani, bila shaka aliijua thamani ya njia hiyo nyingine, na hakuidharau.

Upande wa pili yuko Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974. Huyu ni msomi wa chuo kikuu, amefika karibu na kilele cha ngazi, na hakuna kinachomtosha: si kijiji, si mapenzi, si elimu yenyewe. Mwisho anajiua. Wahakiki wengi wamemwelewa Kazimoto vyema kuliko Utubora, pengine kwa sababu wanafanana naye zaidi. Hata hivyo litakuwa kosa kudhani kwamba uchungu wake ni alama ya uelewa wa juu na utulivu wa Utubora ni alama ya uelewa wa chini. Kazimoto hawezi kuridhia kitu chochote kwa sababu hawezi kukikataa kimoja akabakiza kingine. Anaukataa ulimwengu mzima kwa mkupuo. Asemaye hapana kwa yote hana tofauti kubwa na asemaye ndiyo kwa yote. Wote wawili wameacha kuchagua.

Na sasa vipindi. Neno burudani ni jamaa ya baridi: kuburudika ni kupozwa. Watu wa nyanda kavu hawahitaji kufafanuliwa sitiari hiyo. Hata hivyo, mtazamaji wa Kenya hajawahi kuwa mtu wa kupozwa tu. Vioja Mahakamani, mchezo uliodumu kwa miongo kadhaa katika televisheni ya taifa, ulimweka mtazamaji mahali pa ajabu: mbele yake palikuwa na kizimba, mshtakiwa mwenye maneno mengi, kiongozi wa mashtaka na hakimu, na mtazamaji alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake kabla ya hakimu kufungua kinywa. Mara nyingi hukumu hizo mbili zilitofautiana, na kicheko kilitoka katika tofauti hiyo. Watu waliocheka walijua mahakama halisi. Walijua pia kwamba ile ya kwenye kioo ilimpa mnyonge nafasi ya kusema maneno mengi kuliko mahakama yoyote waliyowahi kufikishwa.

Kadhalika Vitimbi. Benson Wanjau, aliyejulikana nchi nzima kama Mzee Ojwang' mpaka alipofariki Julai 2015, alikuwa Mgikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa lafudhi na mwendo, naye akapendwa katika pande zote mbili. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo jina la ukoo limewahi kumgharimu mtu maisha yake. Mtazamaji aliyeridhika na Ojwang' aliridhika na nini hasa? Si na umaskini wake wala hila zake za kukwepa madeni. Aliridhika na ustadi: na ile hali ya kumwona mtu akivaa lugha ya jirani bila kumtukana. Mhakiki anayeiita raha hiyo usingizi hajaitazama.

Mfano ulio wazi zaidi uko katika vibanda vya video vya miji midogo. Tangu mwanzoni mwa karne hii filamu za mapigano kutoka Asia na Marekani zimetazamwa humo zikiwa na sauti ya DJ Afro, ambaye haitafsiri filamu bali huisimulia upya kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu katika kazi iliyo karibu na hiyo. Msimulizi wa namna hii humpa steringi jina jipya, humdhihaki jambazi, hutabiri litakalotokea, huacha mazungumzo marefu yapite na kuweka methali badala yake. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanapaswa kumtambua mara moja: ni fanani, naye amepata hadhira inayomjibu. Ndani ya kibanda watu hubishana na filamu. Anayechoka hutoka nje. Aliyelipa na kubaki amebaki kwa hiari, na akisema filamu ilikuwa nzuri, ameisema kama mtu aliyekuwa na mlango wazi nyuma yake.

Na walinganishwe hao na mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye kitabu kilichoteuliwa kutahiniwa mbele yake. Anakisoma mara tatu. Anajua dhamira zake kwa idadi, anajua sifa sita za kila mhusika na mbinu za lugha pamoja na kurasa zake. Kwa vipimo vyote vya kawaida huyu ni msomaji na yule wa kibandani ni mtazamaji tu. Lakini ni nani kati yao aliyewahi kupewa nafasi ya kusema kwamba kazi haikumridhisha? Mwanafunzi hana mlango. Akikichukia kitabu, atakichukia baada ya mtihani, na wakati huo atavichukia vitabu vyote pamoja nacho.

Pingamizi kubwa lipo, na halina budi kukabiliwa. Inasemwa, na imesemwa kwa nguvu katika uhakiki wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, kwamba raha ya jioni ndiyo inayomrudisha mfanyakazi kazini asubuhi bila swali. Mshonaji wa Kinanie akicheka saa mbili za usiku, mwajiri wake amepata faida saa mbili za asubuhi. Utubora alikuwa na njia nyingine, mshonaji hana. Bertolt Brecht, katika maandishi yake ya mwaka 1930, aliulaumu mchezo wa kuigiza unaotumiwa kama chakula, na neno kukinai lingemfaa sana angalilijua. Mtazamaji hushiba, huona uzito, hulala.

Pingamizi hili lina ukweli mkubwa, lakini limeacha kiunganishi. Mshonaji ameridhika na mchezo. Hajaridhika na mshahara. Hayo ni mambo mawili, naye anayatenganisha kila siku bila shida: aweza kucheka usiku na kuandamana asubuhi. Ni mhakiki ndiye ayachanganyaye, akidhani kwamba moyo wa binadamu ni pipa moja ambalo likijazwa raha hapabaki nafasi ya hasira. Hoja ikifuatwa mpaka mwisho wake, inamtaka maskini abaki na kiu usiku na mchana ili asiisahau dhuluma. Hilo ni dai ambalo hakuna mhakiki aliyewahi kulitumia kwa nafsi yake mwenyewe. Naye Brecht, miaka kumi na minane au ishirini baadaye, katika andiko lake fupi juu ya tamthilia, alikiri kwamba kazi ya kwanza ya tamthilia ni kuburudisha watu.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji, wakiwamo wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, walijenga ukumbi usio na paa na kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ. Mchezo ulianza Oktoba. Novemba kibali kikafutwa. Kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Kisa hiki hutajwa daima kama mfano wa sanaa inayoondoa usingizi, na ndivyo kilivyokuwa. Lakini watu hawakutembea maili kadhaa kwenda kuketi juani ili wakose raha. Walicheka, waliimba, walijiona. Waliridhika na mchezo kwa kiasi kile kile walichokosa kuridhika na hali iliyoonyeshwa ndani yake. Dola haikuogopa huzuni yao; huzuni walikuwa nayo miaka yote. Watu waliokuwa wametoa ridhaa yao kwa kitu kimoja walikuwa wameonyesha kwamba wanao uwezo wa kuinyima kitu kingine.

Pamoja na hayo, si kila utazamaji unaotetewa kwa hoja hii. Ridhaa huhitaji kituo. Kitabu kina sura, na mwisho wa sura msomaji huinua macho na kuamua. Mchezo wa kila juma ulikuwa na siku sita za kungoja, na katika siku hizo watu waliuzungumza, wakausahau, wakaukumbuka tena. Aliyerudi juma la pili alikuwa amechagua kurudi. Video fupi za simu zimekiondoa kituo hicho. Moja haijaisha nyingine imeanza, na hakuna aliyeulizwa. Saa mbili zikipita, mtazamaji hawezi kusema alitazama nini, seuze kusema kama kilimridhisha. Hii ndiyo kinaa ya upande wa pili wa neno, ile ya mafuta mengi. Watu wa kipato kidogo, kwa kejeli ya mambo, wamelindwa kwa kiasi fulani na bando: likiisha, giza la kioo huwauliza swali ambalo programu haikutaka waulizwe. Lakini ulinzi wa upungufu si ridhaa. Kukoma kwa sababu bando limekwisha na kukoma kwa sababu imetosha ni vitendo viwili, ingawa kwa nje vinafanana kabisa.

Hapo ndipo idara za fasihi zingekuwa na kazi ya kufanya, kama zisingekuwa na haraka ya kuhukumu. Zimefundisha kwa bidii namna ya kuchambua kazi. Hazijafundisha namna ya kuiacha. Katika shule za sekondari za Kenya kuna vikundi vya waigizaji vinavyozunguka vikiigiza vitabu teule, na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, iliyoteuliwa katika miaka ya 2020, ni mojawapo ya kazi zinazofaa sana kwa jukwaa. Wanafunzi huletwa ukumbini ili wakumbuke matukio kwa ajili ya mtihani. Mara nyingine, katikati ya onyesho, jambo hutokea ambalo halimo katika mpango wa mwalimu: darasa zima hucheka mahali ambapo mwongozo unasema kuna majonzi, au hunyamaza mahali ambapo hapana swali la kutahiniwa. Kwa dakika hiyo wametazama kama watu wa kibandani. Kisha taa huwaka, kalamu hutolewa, na maswali husomwa: taja, eleza, fafanua, jadili. Bado halijawekwa swali la kumtaka mwanafunzi aonyeshe ni ukurasa gani ambapo, kama angekuwa na hiari, angekifunga kitabu, na kwa sababu gani.